Mwamba unaovuliwa umewezaje kuushinda uliofungwa?

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nimehesabu samaki kwenye miamba miwili: mmoja umefungwa, hauvuliwi, mwingine unavuliwa kwa madema, mishipi na juya. Kwenye uliofungwa nimepata spishi 31, kwenye unaovuliwa 24. Fahirisi ya Shannon inasema uliofungwa una bioanuwai kubwa zaidi, kama nilivyotarajia. Lakini nilipokokotoa utajiri wa kiutendaji (FRic) kwa programu ya R, mwamba mmoja mmoja, unaovuliwa ukashinda! Sifa nilizotumia ni urefu wa juu kabisa wa samaki, umbo la mwili, kama anatembea mchana au usiku, na chakula, ambacho nimekigawa kwenye safu tano za ndiyo na hapana. Msimamizi wangu anasema lazima nimekosea mahali. Nikajaribu fahirisi nyingine tano, nazo hazikubaliani. Je, nimekosea? Na ipi hasa ndiyo fahirisi sahihi? Nimeambatisha jedwali langu."*

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili, na jedwali lako nimelipitia mstari kwa mstari. Kuna kosa moja la kiufundi, lipo na linarekebishika kwa mchana mmoja. Lakini hata ukilirekebisha, huenda mwamba unaovuliwa ukabaki mbele, na hilo lisikutishe. FRic na Shannon hazijibu swali moja, kwa hiyo kupingana kwazo si ushahidi kwamba mojawapo inadanganya.

Shannon inajua majina na idadi tu. Haijui pono ni nani wala chewa ni nani. Ungekuwa na mwamba wenye spishi 31, zote za pono, kila moja kwa idadi sawa, Shannon ingekupa alama nzuri sana. Mvuvi yeyote angekuambia mwamba huo una kasoro: wote wanakwangua mwani, nani anakula kaa? Nani anawinda visamaki? Hapo ndipo watu walipoanza kutafuta namna ya kupima anuwai ya kazi, yaani si spishi ngapi zipo bali zinafanya mambo mangapi tofauti, na kwa kiasi gani.

Njia ya kupima ni rahisi kuielewa kama utaacha kompyuta kwa dakika tano. Chukua sarafu 24 na sakafu tupu. Kila sarafu ni spishi. Ukutani kaskazini andika "wakubwa", kusini "wadogo". Mashariki "wala nyama", magharibi "wala mwani". Weka kila sarafu mahali pake. Kangaja na tasi watakaa karibu karibu upande wa magharibi. Chewa atakwenda pembe ya kaskazini mashariki. Wale wadogo wa rangi rangi watajazana kusini. Sasa zungusha uzi kwenye sarafu za nje kabisa, uukaze. Eneo lililo ndani ya uzi ndilo FRic. Ukiwa na sifa zaidi ya mbili, sakafu inakuwa chumba, kisha inakuwa kitu ambacho akili haiwezi kukichora, lakini hesabu ni ile ile. Villéger na wenzake waliiweka hivyo mwaka 2008, na ndiyo inayotumika sana hadi leo.

Angalia uzi huo unagusa nani. Sarafu za pembeni tu. Zile zilizo katikati, hata ziwe ishirini, ukiziondoa zote eneo halipungui hata kidogo. Na sarafu moja ikitupwa mbali na wenzake, uzi unaifuata na eneo linavimba ghafla. Uzi hauulizi sarafu hiyo inawakilisha samaki mia tano au mmoja.

Ndiyo maana nilipofika mstari wa 19 wa jedwali lako nikatabasamu. Taa wa madoa ya buluu, mwamba unaovuliwa, idadi: 1. Umbo lake ni bapa, hakuna mwingine wa namna hiyo kwenye orodha yako nzima, wala kwenye mwamba uliofungwa. Nina hakika karibu kabisa kwamba taa huyo mmoja ndiye aliyevuta uzi. Mfanyie jaribio: kokotoa FRic ukiwa naye, kisha bila yeye. Kama ushindi wa mwamba unaovuliwa unayeyuka, umeshajua mshindi alikuwa nani.

Sasa kosa lenyewe. Umesema ulikokotoa mwamba mmoja mmoja. Programu, kabla ya kuzungusha uzi, hulibadilisha jedwali la umbali kati ya spishi kuwa mihimili, ndiyo ile sakafu. Ukiipa samaki wa mwamba A peke yao, inajenga sakafu ya A. Ukiipa wa B, inajenga sakafu nyingine. Mihimili haifanani, pengine hata idadi yake haifanani. Kulinganisha maeneo hayo mawili ni kama kupima shamba moja kwa futi na jingine kwa hatua za miguu, halafu kuuliza lipi kubwa. Unganisha spishi zote za miamba yote miwili kwenye jedwali moja la sifa, jenga nafasi moja, kisha zungusha uzi wa kila mwamba ndani ya nafasi hiyo hiyo. Amri ya dbFD kwenye kifurushi cha FD cha R inafanya hivyo yenyewe ukiipa jedwali moja la sifa na jedwali moja la idadi lenye miamba yote. Mihimili nayo isizidi uwezo wa data: idadi ya spishi lazima iizidi idadi ya mihimili. Ukikokotoa kwa kila transekti (mstari wa kuhesabia samaki chini ya maji) na mojawapo ikawa na spishi nne tu, programu itapunguza mihimili kwa transekti zote ili hiyo moja iingie, na usiposoma ujumbe wake hutajua ni habari kiasi gani imetupwa. Heri kuiweka kando transekti hiyo na kusema umefanya hivyo.

Jambo la pili ni zile safu tano za chakula. Bila shaka ulitumia umbali wa Gower, ule wa mwaka 1971, kwa sababu sifa zako zimechanganyika: urefu ni namba, umbo ni aina, chakula ni ndiyo na hapana. Ni chaguo zuri. Lakini Gower inachukua wastani wa tofauti za safu zote, na kila safu ina kura moja. Wewe una sifa nne, ila safu nane. Chakula kina kura tano kati ya nane, asilimia 62.5 ya uamuzi wote. Hukuamua hivyo kwa makusudi, jedwali ndilo lililoamua. Ipe kila safu ya chakula uzito wa moja ya tano, ili chakula chote kwa pamoja kiwe na kura moja kama urefu. Pia, spishi mbili ambazo zote hazili matumbawe zisihesabiwe kuwa zimefanana kwa sababu hiyo. Mimi na wewe sote hatuli matumbawe, na hilo halitufanyi ndugu. Kwenye programu kuna namna ya kuitangaza safu kuwa ya ndiyo-hapana isiyo na ulinganifu, ili "hapana" mbili zisipewe alama.

Usijione mjinga. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii niliacha urefu katika milimita pembeni ya safu za sifuri na moja, nikatumia umbali wa kawaida bila kusawazisha chochote. Nikapata matokeo ya kupendeza sana, nikayasimamisha mbele ya watu. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa upole: "Kwani hapa umepima kitu gani zaidi ya urefu?" Sikuwa na jibu.

Tukitoka kwenye kompyuta, tuje kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko fahirisi zote: sifa zenyewe. Moja ya safu zako tano inasema "anakula wanyama wasio na uti wa mgongo". Ndani yake umewaweka mkundaji na kikande pamoja. Kwa mujibu wa jedwali lako, kwa chakula, hao ni kitu kimoja. Nenda kawatazame. Mkundaji anatembea juu ya mchanga, sharubu zake mbili zinapapasa, anafukua, anameza vidudu vidogo na wingu la mchanga linabaki nyuma yake. Kikande ana taya fupi ngumu na meno kama patasi. Anamgeuza yule mnyama wa miiba mirefu myeusi inayowachoma wavuvi miguu, wengine humwita nungu wa baharini, anampasua upande wa chini ambako miiba ni mifupi, anakula yaliyomo. Mmoja anatifua mchanga, mwingine anazuia mwamba usiliwe.

Ninasema "usiliwe" kwa maana yake halisi. Utafiti wa mwanaikolojia Tim McClanahan kwenye miamba ya Kenya, kuanzia miaka ya 1980, ulionyesha kwamba pale uvuvi ulipokuwa mkali, kikande walipungua na nungu wa baharini wakaongezeka sana. Nao wakiwa wengi hukwangua mwani pamoja na mwamba wenyewe hadi wanaula. Na katika samaki wanaowala nungu, kikande wa mistari ya rangi ya chungwa, *Balistapus undulatus*, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi. Spishi moja. Safu zako za chakula zingempoteza samaki huyo bila kutikisika, kwa sababu kwenye safu ile mkundaji bado yupo na anamwakilisha. Hapo hesabu ni sahihi kabisa na jibu ni la uongo.

Vivyo hivyo kwa "wala mwani". Pono anakwangua mwamba kwa mdomo wake kama wa kasuku na kuacha alama. Kangaja anachuna majani mafupi. Baadhi ya puju wanakula mwani mkubwa ulioshakua, ule ambao pono haugusi. Kama swali lako ni mwamba uliokufa, kama ilivyotokea kwa mingi katika Bahari ya Hindi baada ya joto la mwaka 1998, unaweza kurudi au utafunikwa na mwani, basi tofauti kati ya hao watatu ndiyo swali lenyewe. Kama swali lako ni kitoweo cha watu wa kijiji, tofauti hiyo haina maana sana, na pengine sifa za kutafuta ni nyingine kabisa. Sifa huchaguliwa kutokana na kazi unayoiulizia. Mara nyingi mno naona wanafunzi wakichukua zile zinazopatikana bure kwenye FishBase, hifadhidata ya samaki ya mtandaoni, kwa sababu zipo.

Na hapo kuna mtego mmoja zaidi. Urefu wa juu kabisa ni urefu wa spishi katika ubora wake. Kwenye mwamba unaopitiwa na juya, pono ambaye kitabu kinasema anafika nusu mita hazidi kiganja cha mkono. Jedwali linampa kazi ya mzee na yeye ni mtoto. Mkwaruzo wa pono mdogo na wa pono mkubwa haulingani hata kidogo. Kama uliandika makadirio ya urefu ulipokuwa chini ya maji (na kwenye jedwali naona safu ya makundi ya urefu, hongera), tumia urefu huo kukadiria uzito, kisha pima kwa uzito badala ya idadi. Kwa idadi peke yake, kundi la visamaki vya kidole kimoja linamfunika chewa wa kilo nne.

Hili linanileta kwenye fahirisi ambayo ningekushauri uiweke mbele: ya Rao, iliyotokana na kazi ya mtakwimu C. R. Rao ya mwaka 1982. Swali lake linaeleweka hata kwa asiyejua hesabu: ukichota samaki wawili bila kuchagua, kwa wastani watatofautiana kiasi gani? Tuchukue mfano wa kubuni wa spishi tatu. Umbali wa pono na tasi ni 0.2, pono na chewa 0.8, tasi na chewa 0.7. Mwamba wa kwanza una pono asilimia 50, tasi 30, chewa 20. Kwa kila jozi zidisha sehemu ya mmoja kwa sehemu ya mwenziwe kwa umbali wao, jumlisha, kisha mara mbili kwa kuwa jozi inaweza kuchotwa kwa mpangilio wowote: unapata 0.304. Mwamba wa pili una spishi zile zile, ila pono 60, tasi 38, chewa 2. Unapata 0.121. FRic ya miamba hiyo miwili ni sawa kabisa, kwa sababu uzi unagusa sarafu zile zile tatu. Rao imeona kwamba chewa amebaki jina tu.

FDis, ya Laliberté na Legendre ya mwaka 2010, inafanya kazi inayokaribiana: wastani wa umbali wa kila spishi kutoka kitovu cha jamii ya samaki, kwa kuzingatia wingi wake. Chagua moja kati ya hizo mbili, usiweke zote ukadhani una ushahidi wa watu wawili. Na ukitumia Rao, soma programu yako inaikokotoa vipi, maana nyingine huuweka umbali kwenye kipeo cha pili na kugawa kwa mbili, kwa hiyo namba yako na ya makala uliyosoma huenda zisilingane hata samaki wakiwa wale wale. Zile za ulinganifu na utengano, FEve na FDiv, kwa swali lako ningeziacha. Sijasema ni mbovu. Nimesimamia kazi za kutosha kujua kwamba mwanafunzi akiziweka, aya inayozieleza huwa haisemi kitu.

FRic usiitupe, ila isisimame peke yake. Spishi zikiwa nyingi uzi hutanuka wenyewe, kwa hiyo unataka kujua kama eneo ulilopata ni kubwa au dogo *kwa spishi 24*. Changanya majina: chota spishi 24 kutoka orodha yako yote bila kuchagua, kokotoa eneo, rudia mara 999. Toa wastani wa hayo kwenye eneo lako halisi, gawanya kwa mkengeuko sanifu wa maeneo hayo 999. Ukipata karibu na sifuri, mwamba wako haujatofautiana na bahati nasibu. Ukipata chini ya hasi mbili hivi, kuna kitu kinachochuja samaki kwa sifa zao, na dema na juya ni washukiwa wazuri.

Kisha hesabu akiba. Gawa spishi zako kwenye makundi ya wanaofanya kazi moja, uone kila kundi lina wangapi. Mwaka 2014 Mouillot na wenzake walizigawa spishi 6,316 za samaki wa miamba ya tropiki duniani kwa sifa sita, wakapata makundi 646. Ungetegemea kila kundi liwe na spishi kumi hivi. Sivyo: spishi zilijazana kwenye makundi machache, na makundi mengi yalibaki na spishi moja moja. Kwenye jedwali lako nami nimehesabu kwa haraka: mwamba unaovuliwa una makundi karibu sawa na uliofungwa, lakini mengi yana spishi moja tu. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo habari kubwa ya tasnifu yako. Kazi bado zinafanyika, ila kila moja imebaki na mfanyakazi mmoja asiye na wa kumpokea zamu.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza, na hakuna fahirisi itakayolitibu. Una miamba miwili. Transekti kumi na mbili ndani ya mwamba mmoja hazikupi miamba kumi na miwili. Ukiona tofauti, huwezi kusema imeletwa na kufungwa. Inaweza kuwa kina, mkondo wa maji, au ukaribu na mdomo wa mto. Andika kwamba miamba hii miwili imetofautiana, usiandike kwamba uvuvi umesababisha. Kama bado kuna bajeti ya msimu mmoja wa kaskazi, heri transekti nne nne kwenye miamba sita kuliko kumi na mbili zaidi pale pale.

Na kabla ya kwenda huko, kaa na mtakwimu uso kwa uso, mwoneshe ramani, si matokeo. Mambo ya mpangilio wa sampuli hayatibiki kwa barua. Kwa utambuzi wa samaki, una rekodi tatu za pono wachanga ambazo sina imani nazo, maana wakiwa wadogo wanafanana mno. Peleka picha kwa watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo Unguja, au kama uko upande wa Mombasa, kwa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Na asubuhi moja nenda dikoni mashua zinaporudi, omba matumbo ya samaki kabla hayajatupwa, ukae na wanaopara. Kwa habari ya nani amekula nini, wamepasua matumbo mengi kuliko mimi na wewe.

Msimamizi wako mwambie alikuwa sahihi kwamba kulikuwa na kosa, ila si lile alilodhani. Na taa yule usimfute kwenye data. Mweke kando kwenye jaribio tu, toa majibu yote mawili, na kwenye sura ya mbinu andika kwamba alionekana mara moja, transekti ya ngapi, kina gani, amelala juu ya mchanga.